Kipokezi gani cha GPS kinafaa kutunza saa za seva mahali ambapo intaneti haiaminiki?

MtunzaSeva (Kigoma):

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasimamia mtandao wa chuo kidogo hapa Kigoma. Tuna seva tatu, maabara mbili za kompyuta za wanafunzi, na kamera za ulinzi zenye mtambo wao wa kurekodi. Intaneti yetu inapita kwenye setilaiti ya mbali, ile ambayo ujumbe ukitoka hapa hadi jibu kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde, na mvua kubwa ikinyesha kiungo hukatika kwa muda mrefu.

Shida yangu ni saa. Umeme ukikatika na kurudi, kila mashine huamka na saa yake, na kwa kuwa intaneti mara nyingi huwa bado haijarudi, hakuna mahali pa kuuliza saa iliyo sahihi. Matokeo yake ni kwamba kumbukumbu za seva ya mitihani hazipatani na za kamera, na ukitakiwa kueleza ni nani aliyeingia maabara kabla ya mtihani kufunguliwa, huna ushahidi unaosimama. Hata siku ambazo intaneti ni nzuri, saa ya seva inayochukua wakati kwa NTP, yaani kwa kuuliza seva za saa mtandaoni, huyumba kwa makumi ya milisekunde kadiri kiungo kinavyolemewa.

Nilinunua kipokezi cha GPS cha USB, kile cha mviringo chenye sumaku chini, kinachobandikwa juu ya gari. Kupitia programu ya gpsd kinanionyesha mahali nilipo bila kukosea zaidi ya mita chache. Lakini nikikitumia kama chanzo cha saa, wakati unaoripotiwa hucheza mbele na nyuma kwa milisekunde mia moja, na pengine zaidi. Jambo hili linanitatiza, kwa sababu mwanga husafiri mita moja kwa nanosekunde tatu na kidogo, kwa hiyo kifaa kinachojua mahali kwa mita chache ni lazima kiwe kinajua saa kwa makumi ya nanosekunde. Usahihi huo unapotelea wapi?

Lengo langu ni mashine zote za chuo zikubaliane ndani ya milisekunde moja, intaneti iwepo au isiwepo. Ninazo kompyuta ndogo mbili za Raspberry Pi 3, na ipo kompyuta ya zamani ya mezani yenye mlango wa siriali wa pini tisa. Chumba cha seva kiko chini ya paa la bati na hakina dirisha. Ninaomba ushauri wa kipokezi cha kununua, namna ya kukiunganisha, na mahali pa kuweka antena.

FundiMawimbi (Arusha):

Kifaa chako si kibovu na hoja yako ni sahihi. Ndani ya kipokezi wakati unajulikana kwa makumi ya nanosekunde, kwani bila hivyo kisingeweza kukokotoa mahali. Usahihi unapotelea njiani, kati ya kipokezi na kompyuta, na ukilielewa hilo utajua cha kununua.

Kipokezi kinaiambia kompyuta saa kwa maandishi, kwa mtindo unaoitwa NMEA: mistari ya herufi inayotaja saa, tarehe, mahali na setilaiti zinazoonekana. Mistari hiyo hutumwa baada ya sekunde kuanza na baada ya kipokezi kumaliza hesabu zake. Kwa kasi ya kawaida ya biti 9600 kwa sekunde, zinapita herufi kama 960 tu kila sekunde, kwa hiyo mstari mmoja wa herufi 70 unachukua takriban milisekunde 73 kupita. Setilaiti zikiongezeka angani, mistari ya kuziorodhesha huongezeka, na mstari wenye saa unaweza kusukumwa mbele au nyuma. Kisha inakuja USB, ambayo haimkatizi msindikaji pale pale data inapofika, bali husubiri kuulizwa, na kwa vifaa vya kasi ya chini kuulizwa huko hutokea kila milisekunde moja. Hapo ndipo milisekunde mia zako zinapozaliwa.

Dawa yake ni mpigo wa kila sekunde, unaojulikana kwa kifupi kama PPS. Huu ni waya wa pekee ambao volteji yake hupanda ghafla pale pale sekunde inapoanza, bila maneno yoyote. Maandishi yanasema ni sekunde ipi, na mpigo unasema imeanza lini hasa. Ndivyo ilivyo redioni kabla ya taarifa ya habari: mtangazaji hututajia saa, lakini mwenye kurekebisha saa yake husubiri ule mlio wa mwisho. Kipokezi chako cha gari kina mtangazaji peke yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni kama waya wa PPS unatoka nje ya kifaa. Chapa na idadi ya setilaiti vinaweza kusubiri. Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi: vibao vidogo vya bei nafuu vyenye moduli ya NEO-6M mara nyingi vina pini nne tu, yaani umeme, ardhi, kutuma na kupokea. Mpigo upo ndani yake, lakini umepelekwa kwenye taa ndogo inayowaka na kuzima kila sekunde, basi. Mwenye mkono mtulivu anaweza kulehemu waya mwembamba kwenye njia ya taa hiyo, ila ni afadhali kununua kibao chenye pini ya tano iliyoandikwa PPS. Moduli za u-blox, watengenezaji wa hizo NEO, pia zina bandia nyingi sokoni, kwa hiyo nunua kwa mtu atakayekubali kurudishiwa.

Zipo moduli zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya saa, kama LEA-6T, NEO-M8T na ZED-F9T. Hizi hupima mahali zilipo kwa muda, zikapashika kama mahali pasipobadilika, na baada ya hapo hutumia kila setilaiti kutafuta wakati peke yake, hata ikionekana setilaiti moja tu. Ni vifaa vizuri sana. Hata hivyo, kwa lengo lako la milisekunde moja hazihitajiki, na singependa chuo kitumie fedha huko kabla ya kununua antena nzuri, kebo nzuri na UPS. Moduli ya kawaida yenye PPS inakosea kwa sehemu ndogo ya mikrosekunde, na Garmin 18x LVC, ambayo wengi huipenda kwa sababu antena na kipokezi viko pamoja ndani ya kasha lisiloingiza maji, inatangazwa kuwa na mpigo wa usahihi wa mikrosekunde 1. Zote ziko mbali sana ndani ya lengo lako.

Kuhusu kuunganisha, kwenye Raspberry Pi mpigo huingia kwenye pini ya GPIO, na mstari huu katika faili la mipangilio ya kuwashia unatosha kuiambia karneli, yaani kiini cha mfumo, iusikilize:

dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18

Kwenye Pi 3 ongeza dtoverlay=disable-bt, kwa sababu mlango mzuri wa siriali umepewa Bluetooth na uliobaki kasi yake hubadilika pamoja na kasi ya msindikaji. Ukimaliza, endesha ppstest /dev/pps0. Kila sekunde utaona mstari mpya wenye namba inayopanda kwa moja, na usipouona usiendelee na hatua nyingine yoyote, kwa sababu tatizo lako bado ni la waya.

Kwenye kompyuta ya mezani, mpigo huingia kwenye pini ya kwanza ya mlango wa siriali, ile ya DCD. Njia hiyo ni nzuri mno, kwani ishara inamkatiza msindikaji moja kwa moja na kuyumba hubaki ndani ya mikrosekunde chache. Kasoro yake ni umeme inaoula. Ningechagua Pi, kwa kuwa betri ndogo itaibeba usiku mzima. Usiihangaikie sana Ethaneti ya Pi 3 ambayo hupita ndani ya USB. Itaongeza kuyumba kwa upande wa kompyuta za wanafunzi, lakini si kwa kiasi cha kukaribia milisekunde yako.

Tahadhari moja ambayo ni ya lazima: pini za Pi zinavumilia volti 3.3 tu. Garmin 18x LVC hutoa ishara inayofika volti 5, na tena maandishi yake yamegeuzwa kwa mtindo wa RS-232. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye Pi utaiua. Hiyo ni ya kompyuta ya mezani, au uweke kibao cha kubadili volteji katikati.

MtunzaSeva (Kigoma):

Ninashukuru sana, ndugu FundiMawimbi. Nimekifungua kile cha gari na kweli ndani hakuna waya zaidi ya zile za USB. Nitaagiza kibao cha NEO-M8N chenye pini ya PPS na soketi ya antena ya nje.

Linalonisumbua sasa ni antena. Nimesoma maelekezo ya watu wa Ulaya wanaosema iwekwe kwenye dirisha linalotazama kusini. Chumba chetu hakina dirisha la upande wowote, na kutoka hapo hadi ukingo wa paa ni mbali kiasi. Pia tunaogopa radi.

MzeeWaMnara (Mwanza):

Kijana wangu, maelekezo ya dirisha la kusini yana sababu yake kule, lakini hapa hayakuhusu. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye mizingo iliyoinama nyuzi 55 kutoka ikweta, kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Mtu aliye kaskazini sana ana eneo la anga upande wa kaskazini ambalo setilaiti hazipiti, ndiyo maana anatazama kusini. Sisi tulio karibu na ikweta zinatupitia utosini na pande zote. Unachohitaji ni anga iliyo wazi juu yako, basi.

Kuhusu bati, mawimbi haya yakifika ardhini ni dhaifu mno na hayapenyi chuma. Antena ikiwa chini ya bati haioni kitu, au inaona mabaki yaliyorukaruka kutoka kwenye kuta za jirani, ambayo ni mabaya zaidi kwa saa kwa sababu yamechelewa. Lakini bati hilo hilo likiwa chini ya antena ni rafiki yako. Antena bapa za sumaku hufanya kazi vizuri zaidi zikikaa juu ya bamba la chuma, na paa lako lote ni bamba. Ipandishe juu, iweke mbali na tangi la maji na matawi ya mwembe, na usiiache kwenye mkondo wa bati ambako maji na takataka hukusanyika. Kama bati ni la alumini sumaku haitashika, kwa hiyo tafuta kipande cha chuma ukifunge kwa skrubu za paa, uibandike antena juu yake. Tundu la kebo lipite chini ya mwingiliano wa mabati mawili, na kabla kebo haijaingia ndani iache ining'inie kidogo chini ya kiwango cha tundu ili maji ya mvua yadondokee nje.

Kebo zile nyembamba zinazokuja na antena hupoteza nguvu nyingi kila mita. Kwa mita tano hakuna tatizo. Zaidi ya kumi, nunua kebo nene. Watu huuliza sana kuhusu ucheleweshaji wa kebo, nao ni nanosekunde tano hivi kwa kila mita, kwa hiyo hata mita 20 ni nanosekunde 100. Wenye vifaa vya maabara hulihesabu jambo hilo. Wewe liache.

Lakini kwa nini unang'ang'ania chumba cha seva? Saa haina lazima ya kukaa karibu na seva. Tafuta chumba chochote chenye njia fupi ya kufika paani, stoo hata kama ni ndogo, weka Pi na kipokezi humo, kisha ivute kebo ya mtandao hadi kwenye swichi. Kebo ya mtandao inaweza kwenda mita 100 bila shida, ambapo kebo ya antena inadhoofika kila hatua. Angalia tu stoo hiyo isiwe tanuri mchana, maana kristali inayoendesha saa ya Pi hubadilisha mwendo wake joto linapobadilika. Joto lisilobadilika ni bora kuliko ubaridi unaokuja na kuondoka kila kiyoyozi kinapowashwa.

Radi ni jambo la kuogopwa kweli, na ukanda wetu wa Maziwa Makuu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani. Nimefanya kazi minarani miaka mingi na nimeona vifaa vizima vimeungua kwa kebo moja isiyokuwa na ardhi. Usiiweke antena mahali pa juu kabisa pa jengo; mita moja au mbili chini ya kilele inaona anga ile ile. Mahali kebo inapoingia ndani weka kikinga radi cha aina ya kebo ya antena, kinachopitisha umeme mdogo wa kulisha antena, na ukiunge kwa waya mfupi na mnene kwenye fimbo ya ardhi. Kikinga bila ardhi ni pambo. Kisha Pi iunganishe na mtandao kupitia swichi ndogo iliyo peke yake, au kwa nyuzi za mwanga kama mnazo, ili baya likitokea lisivuke hadi kwenye seva za mitihani.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa ufupi. Baada ya jua kutua, hasa miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, tabaka la ioni juu ya ukanda wa ikweta huchafuka, na ishara za setilaiti humetameta hadi baadhi hupotea kwa muda. Ukiona jioni idadi ya setilaiti inapungua na mchana inarudi, usianze kubomoa antena. Kosa linaloletwa ni la nanosekunde, na kwa kazi yako halionekani.

MtunzaSeva (Kigoma):

Shikamoo Mzee. Nimeyapokea yote, na kweli ipo stoo ya vifaa vya michezo ambayo dari yake inagusa paa la nyuma. Vifaa vimefika na vimefungwa kama mlivyoelekeza, pamoja na fimbo ya ardhi. ppstest inahesabu vizuri. Nimeweka mistari hii kwenye chrony, programu inayoendesha saa ya Pi:

refclock SHM 0 refid NMEA delay 0.2 noselect
refclock PPS /dev/pps0 refid PPS lock NMEA

Vyanzo vitatu vya intaneti nimeviacha, lakini navyo nimevipa noselect ili viwe mashahidi tu. PPS imechaguliwa, ina alama ya nyota, na tofauti inayoonyeshwa ni ya mikrosekunde chache. Nilifurahi, hadi nilipotazama mashahidi. Vyote vitatu vinasema seva yangu iko nyuma kwa sekunde moja nzima, kila kimoja kikipishana na mwenzake kwa milisekunde 40 hivi. Je, nisadiki mpigo au intaneti?

FundiMawimbi (Arusha):

Intaneti, kwa hili. Kiungo chako cha setilaiti ni kibaya kwa kupima milisekunde, kwa sababu NTP hukisia kwamba kwenda na kurudi huchukua muda sawa, na njia zikitofautiana kwa milisekunde 100 kosa ni 50. Lakini hakiwezi kukosea kwa sekunde nzima, tena kwa vyanzo vitatu vinavyokubaliana.

Mpigo wako ni sahihi. Jina la sekunde ndilo lililokosewa. Mpigo haujui unaitwa sekunde gani, huchukua jina kutoka kwenye maandishi ya NMEA yaliyo karibu nao. Kama maandishi yanafika yakiwa yamechelewa kwa zaidi ya nusu sekunde, tuseme sekunde 0.7, chrony hudhani kwamba sekunde iliyopita ndiyo inaanza sasa, na saa yote inakaa nyuma kwa sekunde moja kamili huku kila kipimo kingine kikionekana safi. M8N inasikiliza setilaiti za mfumo zaidi ya mmoja, kwa hiyo mistari ya kuorodhesha setilaiti ni mingi, na kwa kasi ya 9600 inakula sehemu kubwa ya sekunde.

Fanya mambo mawili. Kwanza, kwa programu ya u-center ya watengenezaji, au kwa ubxtool inayokuja na gpsd, zima mistari usiyoihitaji, hasa ile ya GSV inayoorodhesha setilaiti, na upandishe kasi ya mlango hadi 38400 au 115200. Humo humo iambie moduli kwamba imesimama mahali pamoja, badala ya mpangilio wa kawaida unaodhani inabebwa. Pili, ondoa kwa muda mstari wa PPS, rudisha vyanzo vya intaneti vichaguliwe, acha mfumo utulie, kisha tazama chronyc sourcestats uone NMEA imechelewa kwa kiasi gani. Kiasi hicho kiandike kwenye mstari wa SHM, kwa mfano offset 0.130, halafu rudisha PPS. Haihitajiki usahihi mkubwa hapo, ikikosea kwa sehemu ya kumi ya sekunde mpigo utapata jina lake sawasawa.

Baada ya hapo usirudishe noselect kwenye vyanzo vya intaneti. Hoja ni hii: chanzo cha mbali chenye safari ya milisekunde 600 kina mipaka ya mashaka ya takriban milisekunde 300 kila upande. Mpigo ulio sahihi huangukia ndani ya mipaka hiyo, na chrony itauchagua kwa kuwa mashaka yake ni madogo zaidi. Ukikosea kwa sekunde moja, utaangukia nje na kukataliwa kwa kura ya watatu.

MlinziWaLogi (Nairobi):

Naunga mkono hilo la mwisho kwa nguvu zote, na naomba lisichukuliwe kama nyongeza. GPS ikikosea, hukosea kwa kujiamini. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja kuukuu ilipokuwa ikiondolewa kazini, setilaiti kadhaa zilitangaza saa iliyokosea kwa takriban mikrosekunde 13 kwa muda wa saa nyingi. Kwenu ni kitu kidogo, ila mitandao ya simu ilihangaika. Kubwa zaidi kwetu sisi wa seva ilikuwa tarehe 24 Oktoba 2021: matoleo ya gpsd 3.20 hadi 3.22 yalikuwa na kosa lililorudisha tarehe nyuma kwa wiki 1024, hadi mwaka 2002. Hakikisheni mna 3.23 au jipya zaidi.

Namba hiyo 1024 mtaikuta tena. Ujumbe wa asili wa GPS huhesabu wiki kwa biti 10, kwa hiyo hesabu hurudi sifuri kila baada ya wiki 1024, ambazo ni karibu miaka 20. Ilitokea Agosti 1999, ikatokea usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Aprili 2019, na itatokea tena Novemba 2038. Vipokezi vya zamani vina tarehe ya kuanzia iliyoandikwa ndani ya programu yao, na hesabu ya kila kimoja hurudi nyuma kwa siku yake. Trimble Thunderbolt, kifaa kinachopendwa sana na wapenzi wa saa, kilirudi nyuma Julai 2017. Kwa hiyo anayenunua kipokezi cha mtumba akiwashe mbele ya muuzaji na asome mwaka.

Kuna mengine mawili kuhusu umeme kukatika, kwa kuwa ndilo lililokuleta hapa. Saa ya GPS yenyewe haina sekunde za kuruka, zile zinazoongezwa mara chache kwenye UTC, saa rasmi ya dunia; tangu 1 Januari 2017 iko mbele ya UTC kwa sekunde 18, na setilaiti hutangaza tofauti hiyo mara moja tu kila dakika 12.5. Kipokezi kilichowashwa kikiwa baridi, bila betri yake ya kumbukumbu, kinaweza kutumia namba ya zamani iliyohifadhiwa kiwandani kwa dakika hizo. Angalia kama kibao chako kina betri ndogo, na kama imekufa ibadilishe.

La pili, Pi 3 haina saa ya ndani inayoendelea umeme ukikatika. Ongeza kibao cha saa ya betri cha DS3231, ambacho kwa joto la kawaida hukosea kwa sehemu mbili tu kwa milioni, yaani chini ya sehemu mbili za kumi za sekunde kwa siku. Na kama kwenye mipangilio umeandika local stratum 10 ili kompyuta zipate saa hata vyanzo vyote vikipotea, iondoe mpaka DS3231 iwepo. Bila hiyo, Pi iliyoamka gizani itawagawia wanafunzi wote tarehe ya siku ilipozimika, na kumbukumbu za mtihani zitaharibika kwa namna ambayo huwezi kuzirekebisha baadaye.

MtunzaSeva (Kigoma):

Nimezima GSV, kasi ni 115200, na NMEA sasa imechelewa kwa sekunde 0.08 tu, nimeiandika. Vyanzo vya intaneti nimevirudishia kura, na vinakubaliana na mpigo ndani ya mipaka yao. gpsd yangu ni 3.22, ninaibadilisha leo. Kibao kina betri ya kuchajiwa, lakini nimeona baada ya kuzima usiku kucha kinaanza upya kabisa, kwa hiyo huenda imekufa. Je, kuna hatari kuizuia chrony isitoe saa kwa dakika 13 za kwanza kila Pi inapowaka?

FundiMawimbi (Arusha):

Hakuna hatari, na ni tahadhari nzuri mpaka betri ibadilishwe. Chelewesha chrony kwa kutumia systemd, inayowasha huduma za Pi, na kompyuta za wanafunzi zitaendelea na saa zao wenyewe kwa muda huo. Kristali iliyokosea kwa sehemu 20 kwa milioni hupotea kwa milisekunde 16 hivi ndani ya dakika 13, na kompyuta zenye chrony zilizokwisha jifunza mwendo wa kristali zao zitapotea kwa kiasi kidogo zaidi ya hapo. Weka makestep 1.0 3 kwenye seva ya saa ili marekebisho makubwa yafanyike mara inapowaka tu, na kamwe yasifanyike katikati ya mtihani. Mtambo wa kamera nao uelekeze kwenye anwani ya Pi, kwa sababu mingi hutoka kiwandani ikiwa imeelekezwa kwenye seva ya mbali, na usipoibadilisha ndiyo itakayobaki na saa tofauti na wengine wote.